Muziki wa patashika: jinsi ya kuupata muziki wenye kichaa cha katuni

Kuna muziki ambao ukiusikia tu unamwona paka. Hatajwi popote, mara nyingi hata mwimbaji hakuna, lakini paka yupo: anakimbia hewani miguu ikizunguka kama feni, anateleza kwenye sabuni, anagonga karai, anateremka ngazi kwa makalio, na kabla hujavuta pumzi yuko juu ya paa anapiga fidla. Patashika nguo kuchanika, kwa dakika mbili na nusu.

Shida ni kwamba muziki huu hauna jina moja. Andika "muziki wa kuchekesha" mtandaoni, utaletewa nyimbo za kuwafundisha watoto herufi. Andika "muziki wa kasi", utaletewa midundo ya kufanyia mazoezi. Ndiyo maana wanaoupenda huishi na nyimbo mbili tatu walizokutana nazo kwa bahati, mwaka wa kumi sasa.

Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipogundua jambo ambalo hatua zote za hapa chini zinalitegemea: fujo hii imepangwa. Wanaoipiga wana nidhamu kuliko bendi ya gwaride, maana mtu akichelewa robo sekunde kichekesho kimekufa. Kwa hiyo muziki huu tafuta kwa mbinu inayotumika ndani yake, kisha wafuate watu wanaoijua mbinu hiyo. Majina ya mitindo yatakupoteza.

Hatua ya 1: Ipe katuni mgongo

Chukua katuni moja ya zamani, Tom na Jerry ya miaka ya 1940 au Bugs Bunny, ya dakika saba hivi. Iwashe, kisha geuka utazame ukuta. Shika kalamu. Kila mahali utakapocheka au kutikisika, andika ni kitu gani kimekufanya hivyo. Rudia mara mbili.

Karatasi yako itakuwa na moja kati ya haya, au mawili. Huenda ni mkato: muziki unakwenda zake vizuri, ghafla unaacha njia na kuwa muziki mwingine kabisa, hakuna salamu wala kwaheri. Huenda ni mwigo: nyuzi zinadonolewa moja moja mtu anaponyata, tromboni inaporomoka anapoporomoka. Huenda ni vyombo visivyo vyombo, yaani honi, sufuria, filimbi ya refa, kikohozi. Huenda ni wizi, pale wimbo unaoujua unapochomekwa kwa utani halafu ukatoweka. Au ni kasi yenyewe.

Usiiruke hatua hii. Mtu wa mkato akipewa muziki wa kasi tupu atachoka baada ya nyimbo tatu na kudhani kwamba muziki wote wa namna hii haumfai. Anayependa vyombo vya ajabu naye hatavumilia gitaa zito hata likatwe vipande mia. Jua kwanza kinachokuchekesha wewe.

Hatua ya 2: Anza na waliolipwa mshahara kwa kazi hii

Carl Stalling alianza kama mpiga kinanda kwenye majumba ya sinema bubu huko Kansas City, Marekani. Alikaa gizani akitazama picha na kupiga chochote kinachofaa: farasi akikimbia, naye anakimbia, bibi akilia, naye analia. Huko ndiko alikofahamiana na Walt Disney, akamtungia muziki wa filamu za mwanzo za Mickey Mouse mwaka 1928. Mwaka 1936 akahamia Warner Bros., studio ya katuni za Bugs Bunny, na kukaa hadi 1958, akitunga kwa wastani muziki wa katuni moja kila wiki. Kila wiki, kwa okestra kamili, miaka 22. Wapigaji walivaa visikilizio vyenye mlio wa tik-tik-tik uliopimwa kufuatana na picha, ili nyundo ikitua kichwani, puu, na ngoma iwe imetua papo hapo.

Tafuta mkusanyo uitwao The Carl Stalling Project, uliotoka mwaka 1990. Hapo unaipata okestra yake bila picha, na bila picha ndipo utaona kwamba mambo yaliyoonekana kuwa ya kuchekesha tu ni magumu kupita kiasi. Sekunde nne za waltzi, sekunde mbili za jazi, mlio wa bata, wimbo wa harusi, kimya, mlipuko. Kama karatasi yako ina mkato au wizi, kaa hapa wiki nzima.

Kisha mtafute Raymond Scott. Huyu hakuitungia katuni muziki, lakini huenda umemsikia kwenye katuni kuliko mwanamuziki mwingine yeyote. Mwaka 1937 alirekodi kipande kiitwacho Powerhouse na kundi lake la watu sita, ambalo kwa sababu zake mwenyewe aliliita la watu watano. Mwaka 1943 haki za tungo zake ziliuzwa kwa Warner, na Stalling akaanza kuzichomeka kila alipohitaji mashine au kiwanda kilichopagawa. Powerhouse ina sehemu mbili: ya kwanza inakimbia kama mtu aliyechelewa basi, ya pili inakwenda kwa hatua nzito za mtambo. Ukiisikia hiyo ya pili utasema "aah!", nakuhakikishia.

Scott Bradley, aliyekuwa studio ya MGM akiwatungia Tom na Jerry, ni wa wapenda mwigo. Kwenye baadhi ya mikimbizano alitumia mbinu ya noti 12 ya mtunzi Schoenberg wa Austria, ambapo noti zote 12 hupangwa kwa zamu na hairuhusiwi kurudia moja kabla nyingine hazijapigwa. Muziki ambao watu wazima waliukimbia kwenye kumbi za Ulaya, watoto waliunywa kama uji kwa sababu kulikuwa na panya.

Na wa vyombo visivyo vyombo ana mtu mmoja wa kuanza naye: Spike Jones. Bendi yake ilikuwa na kengele za ng'ombe zilizopangwa kwa noti, bastola, honi na kila aina ya kelele za mdomo. Anza na toleo lake la Cocktails for Two la miaka ya 1940. Linaanza kwa kwaya laini ya mapenzi kiasi kwamba utadhani umebonyeza pabaya. Subiri.

Hatua ya 3: Pita sarakasini, lakini usikae

Ule wimbo wa vichekesho ambao kila mtu anaujua, wa kuingia kwa vikaragosi, uliandikwa mwaka 1897 na Julius Fučík, mwongoza bendi ya jeshi wa Kicheki, kama maandamano mazito ya magladieta. Hakukuwa na mzaha wowote. Miaka michache baadaye ulipangwa upya kwa ajili ya bendi za Amerika Kaskazini, sarakasi zikaudaka na kuukimbiza, na tangu hapo hakuna anayeweza kuusikia bila kuona pua nyekundu.

Jambo hilo ni ufunguo: kimbiza kitu chenye heshima, kinageuka kichekesho. Ukilishika hilo, muziki wa okestra unakufungukia. Galopu (dansi ya mbio) ya kuzimu ya Offenbach ya mwaka 1858, galopu ya wachekeshaji ya Kabalevsky, ngoma ya panga ya Khachaturian ya mwaka 1942, vyote ni vifupi na vyote vitakupandisha mapigo ya moyo. Ukitaka watu walio hai na jasho linalotiririka, nenda kwa Fanfare Ciocărlia, bendi ya matarumbeta kutoka kijiji cha Zece Prăjini huko Romania. Hao wanapuliza shaba kwa kasi ambayo vidole havipaswi kuiweza.

Hatua ya 4: Rudi uswahilini

Hapa ndipo ninapowashangaa ndugu zangu. Kijana wa Tandale anahangaika kutafuta muziki wa kichaa Tokyo na London, huku wenzake wa Tokyo na London wanatafuta wa kwao Tandale.

Singeli ni muziki wa katuni. Najua wapo watakaokasirika, lakini sikiliza kwa masikio ya hatua ya 1. Mapigo yake huanzia 200 hivi kwa dakika na hupanda hadi karibu 300, wakati amapiano inatembea kwenye 112 hivi, mikono mfukoni. Kinanda kinalia juu kabisa kama mbu aliyekasirika. Sauti za watu zimekimbizwa mpaka zikawa za vikaragosi. Kipande cha sekunde moja kinazungushwa mara arobaini, halafu mkato, halafu king'ora, halafu MC anaingia na maneno yanayokimbizana kama kondakta aliyeona trafiki.

Asili yake ni mitaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na kwingineko Dar es Salaam, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Kabla yake kulikuwa na mchiriku wenye vinanda vidogo vya Casio, ngoma na spika zinazokwaruza. Ukitaka kuusikia, tafuta Jagwa Music na albamu yao Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Singeli ikachukua vipande vya ala tupu vya taarabu ya kisasa, ile sehemu ambayo mama zetu huinuka kwenda kutunza, ikavikata, ikavizungusha na kuvikimbiza. Fučík yuleyule! Kitu chenye heshima kimepewa mbio.

Ina milango miwili, na ni vizuri kuingia kwa mlango wako. Ukipenda maneno, ingia kwa Msaga Sumu na Man Fongo, ambao ni miongoni mwa walioifikisha singeli redioni. Ukipenda mdundo mtupu, ingia kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Anza na mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, zote za 2019. Mwishoni, ukishazoea, Mr Mixondo ya DJ Travella ya mwaka 2022. Hiyo usimwekee mgeni. Niliiweka sebuleni nyumbani, mama akauliza kama redio imeharibika au ni mimi.

Ukitaka kujua kwa uhakika kasi ya wimbo, hesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Kwenye singeli mkono hautawahi, kwa hiyo piga kofi moja kwa kila mapigo mawili na uzidishe kwa 8. Makofi 30 ndani ya sekunde 15 maana yake ni mapigo 240 kwa dakika. Zoezi hili linafaa pia kugundua udanganyifu: nyimbo nyingi zinazoonekana za kasi ni za kawaida tu, zimejazwa vikolombwezo.

Jirani yake wa Afrika Kusini ni muziki wa elektroniki wa Washangaani uliosukumwa na prodyuza Nozinja. Mkusanyo wa lebo ya Honest Jon's wa mwaka 2010 ndio mlango. Marimba za kompyuta, mapigo 180 na kuendelea, na wachezaji waliovaa vinyago vya vikaragosi na matumbo ya bandia. Hapo hata macho hayahitaji katuni.

Hatua ya 5: Fuata mtu, siyo mtindo

Sasa unaweza kutafuta mwenyewe. Njia ni hii: chukua albamu moja unayoipenda, fungua ukurasa wake kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha albamu na waliozitengeneza, soma majina ya wapigaji na prodyuza, kisha bonyeza jina moja na uone kwingine alikofanya kazi. Wafuate hivyo mpaka uchoke.

Nikuonyeshe mnyororo mmoja. Anza na Mr. Bungle, bendi kutoka mji mdogo wa Eureka, California, na albamu yao ya kwanza ya 1991. Ni gitaa zito, muziki wa sarakasi, ska (dansi ya Jamaika) na kelele za watu wabaya, vyote ndani ya wimbo mmoja. Prodyuza ni nani? John Zorn. Zorn alikuwa na kundi lake, Naked City, ambalo albamu yake ya kwanza inakata mitindo kama mtu anayebadilisha chaneli kwa hasira. Huyo huyo Zorn mwaka 1984 alitunga Cobra, ambayo haina noti: ni mchezo wenye sheria, mwongozaji akiinua kadi wapigaji wanabadilika hapohapo. Na huyo huyo aliandika maelezo ya mkusanyo wa Stalling wa 1990. Tumezunguka tukarudi hatua ya 2, kwa kusoma majina tu.

Tahadhari: baadhi ya majalada ya Naked City yana picha za kutisha za watu waliouawa au kuteswa. Usiyafungue mbele ya watoto.

Endelea. Mwimbaji wa Mr. Bungle, Mike Patton, ana kundi lingine, Fantômas, ambalo mwaka 2005 lilitoa albamu yenye vipande 30, kimoja kwa kila siku ya mwezi Aprili, na katuni ndiyo chakula chake. Aliyepiga mayowe kwenye Naked City ni Yamatsuka Eye wa Boredoms, bendi ya Osaka. Mfuate huyo, umeshaingia Japani. Ukifika Japani, uliza Plus-Tech Squeeze Box na albamu yao Cartooom! ya mwaka 2004. Jina linajieleza. Vipande vidogo vya sauti za kila aina vimeshonwa kama kitambaa cha viraka, na juu yake sauti tamu ya kike isiyojua kwamba nyumba inaungua.

Uingereza simama kwa Cardiacs. Kiongozi wao, marehemu Tim Smith, alikuwa akiandika nyimbo zinazobadilisha mwendo kila unapodhani umezishika, zenye uchangamfu wa bendi ya shule iliyolishwa sukari nyingi, na chini yake huzuni ya kweli. Anza na Sing to God ya 1996. Ni ndefu, ila kwangu mimi hakuna bendi ya gitaa iliyoelewa kichaa hiki vizuri zaidi yao, na wengine wote waliotajwa hapa ningewauza nibaki nao. Singeli tu ndiyo nisingeiuza.

Ufaransa yupo Igorrr, anayechanganya kinubi cha kibodi cha zama za Bach, opera, mayowe na mashine. Marekani lipo kundi la 100 gecs, na albamu yao ya 2019 ya dakika 23 tu. Hao ni wepesi kuwapata.

Hatua ya 6: Idanganye mashine, linda bando

Programu za muziki hukuletea kile kinachofanana na ulichosikiliza jana, na kama simu hiyohiyo inatumiwa na shangazi kusikiliza kwaya, utaletewa kwaya. Fungua akaunti ya pili ya kichaa pekee. Kila unapopata wimbo sahihi, uhifadhi. Wimbo usiofaa uruke ndani ya sekunde kumi za mwanzo, usiuache ukamalizika kwa uvivu, maana mashine huhesabu. Wiki mbili za nidhamu zinatosha kuona mabadiliko.

Kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, tumia tagi, na tagi ya singeli ifungue mara kwa mara. Albamu nyingi pale unaweza kuzisikiliza kabla ya kulipa, na ukinunua unapakua faili lako. Kwa mwenye bando la kubahatisha ni afadhali kununua albamu moja kuliko kuisikiliza mtandaoni mara thelathini. Kwenye YouTube, zima picha au punguza ubora wake hadi 144p, unasikiliza, hutazami.

Epuka matoleo yaliyokimbizwa na watu baki, yale ya wimbo wa kawaida uliopandishwa kasi mpaka msanii akawa kindi. Yanachekesha mara moja. Hakuna aliyepanga chochote humo.

Hatua ya 7: Upange kama mchezo wa jukwaani

Muziki huu ukiusikiliza mfululizo kwa saa nzima, sikio linakufa ganzi na fujo inageuka kuwa ukuta. Mimi hupanga vipande vitano tu kwa kikao: kimoja cha okestra, kimoja cha vyombo vya ajabu, kimoja cha gitaa, halafu kitu cha polepole kabisa, taarabu ya zamani ya Zanzibar kwa mfano, ili sikio likae chini linywe maji. Kisha singeli. Baada ya utulivu ule, ile sekunde ya kwanza ya kinanda inapoingia ni kama mtu amepiga teke mlango.

Sauti iweke nusu. Kinanda cha singeli na matarumbeta hukaa juu sana, na visikilizio vya bei nafuu huzichongoa noti hizo mpaka zinachoma. Ukiona unajikunja uso, punguza; ukiona umepunguza na bado unajikunja, visikilizio ndivyo vibovu, tumia spika. Ila kama unaishi chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja na jirani, singeli baada ya saa nne usiku ni kesi ya balozi wa nyumba kumi. Hapo mweke Stalling. Jirani atadhani unatazama katuni.